Lebo na Ndoo: Shajara ya Kulea Walimu Wanafunzi kwa Simu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kundi la WhatsApp nilifungua jana usiku, na hadi leo mchana wote watano wameshaingia. Ni walimu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada, kemia na baiolojia, na wako kwenye mazoezi ya kufundisha: mmoja Mbagala, mmoja Kigamboni, mmoja Mkuranga, mmoja Kilwa Masoko na mmoja Mafia. Humu nitawaita kwa vituo vyao.

Mkufunzi hufika shuleni kukagua mara chache tu katika kipindi chote cha mazoezi. Anakaa kiti cha nyuma, anajaza fomu, anamwita kijana pembeni dakika kumi, kisha anawahi gari. Siku nyingine zote kijana anabaki na mwalimu mwenyeji, naye mwalimu mwenyeji ana vipindi vyake na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nimekuwa mkufunzi wa kemia hapa Dar es Salaam miaka mingi, na naumia kila ninapoona kosa la wiki ya kwanza limekomaa hadi wiki ya saba kwa kuwa hakuna aliyeliona. Ndiyo maana nimeamua kuwalea kwa simu.

Utaratibu: andalio la somo linaingia Jumapili kabla ya saa 2 usiku. Najibu kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika 3, maana bando wananunua wenyewe. Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana kwa video. Mtandao ukisumbua, mtu anazima picha anabaki na sauti.

Mradi una mguu wa pili. Rafiki yangu muuguzi, ambaye wote tunamwita Sista, anasimamia kinga na udhibiti wa maambukizi katika kituo kimoja cha afya huku Temeke. Tangu Marburg, homa kali ya virusi inayoambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, itangazwe Biharamulo, mkoani Kagera, Januari 20, wenzake wanauliza upya maswali yaliyokuwa yamelala. Gauni za kitambaa, aproni nzito, gambuti, miwani, ngao za uso, glavu nene za usafi: vifaa kinga hivi havitupwi baada ya kuvaliwa mara moja. Vinatakaswa vipi, na nani anahakikisha kwamba vimetakasika? Sista aliniomba nimsaidie kuwafundisha wahudumu wa chumba cha kufulia, nami nikaona hapo hapo somo la vijana wangu. Wanafundisha ukolezi wa myeyusho, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, kwa mifano ya chumvi na sukari, na huku kuna ndoo ya dawa kituoni ambayo hesabu yake ikikosewa, mtu anavaa vimelea vya mgonjwa wa jana. Kwa hiyo kila mmoja atajenga vipindi vyake vya ukolezi juu ya ndoo hiyo, na mwishoni wataandaa pamoja somo moja la Kiswahili kwa wahudumu wenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Leo nimekwenda kituoni na simu mkononi, vijana wakitazama. Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa: sinki mbili za saruji, kamba nne uani, ndoo tatu zenye lebo za karatasi zilizobandikwa kwa selotepu. Anayeongoza ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono iliyoparara kwa dawa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwalimu, karibu kwenye maji."

Nilimwomba atengeneze dawa kama anavyofanya siku zote. Ana kopo alilokata kutoka chupa ya maji ya kunywa. Akamimina kopo moja la jiki, ile dawa yenye klorini asilimia 3.5, kisha makopo sita ya maji, kwa kopo lile lile. Akakoroga kwa mti. Hakumwaga hata tone sakafuni. Hiyo ndiyo asilimia 0.5 inayotumika kwa gambuti, aproni na glavu nene.

"Kwa nini sita, mama?"

"Sista alisema sita."

Nikamwandikia mgongoni mwa boksi la glavu: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1, ni 6. Akaitazama ile "toa 1" kwa muda. Akanyanyua kopo lake. "Kumbe ile moja ni dawa yenyewe."

Nimefundisha fomula hiyo miaka yote na sijawahi kuieleza vizuri kuliko hivyo. Sehemu zote ni saba, moja ni dawa, sita ni maji. Mkuranga alikuwa amezima picha, lakini nilisikia kalamu yake ikiandika.

Kisha Sista akatuonyesha ndoo nyingine. Miwani na ngao za uso ni asilimia 0.1, yaani sehemu moja ya dawa kwa 34 za maji, zikishaoshwa kwa sabuni. Baadaye zinasuuzwa kwa maji safi ili zisibaki na ukungu wala kuwasha macho. Gauni za kitambaa ni asilimia 0.05 kwa muda wa nusu saa, baada ya kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni. Kwa gauni, mama hapimi upya kutoka kwenye dumu. Anachukua kopo moja la ile 0.5 na makopo tisa ya maji. Njia ya mkato, na ni sahihi kabisa. Vijana nimewaachia wathibitishe kwa nini tisa.

Jumanne, 18 Februari

Maandalio matano yamefika. La Kilwa ni zuri mno, hatua zote tano zimejaa, kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, muda umegawanywa vizuri, zana ni makopo halisi. Nilikuwa nimeshaanza kurekodi pongezi, nikajizuia. Nikamwomba jambo moja: apige picha madaftari sita ya wanafunzi, ukurasa wa somo hilo, majina yafunikwe.

Picha zimeingia jioni. Swali lilikuwa: sehemu ngapi za maji kwa sehemu moja ya dawa ya asilimia 3.5 ili kupata 0.5? Madaftari manne kati ya sita yameandika 7.

Ubaoni alikuwa ameandika mgawanyo kwa herufi kubwa, na ile "toa 1" pembeni kwa herufi ndogo, akafuta kuwahi kengele. Wanafunzi wakanakili kile kilichoonekana. Kwa 7 ndoo inakuwa 3.5 gawanya kwa 8, sawa na asilimia 0.44. Mtu anaweza kusema pengo ni dogo. Lakini makosa ya ukolezi hayakai peke yake: leo maji yamezidi kidogo, kesho dawa imekaa juani, keshokutwa nguo imeingia na uchafu, yote yanavuta upande mmoja.

Kilwa alikaa kimya kwa muda. Usiku akaandika: "Mwalimu, niliuliza kama wameelewa, wakajibu ndiyo wote."

Nimembadilishia utaratibu yeye na wenzake. Kuanzia wiki hii, madaftari ya wanafunzi yanakuja kwanza, andalio linafuata. Najua hii inaongeza kazi. Lakini andalio linaniambia mwalimu alikusudia nini, na mimi nahitaji kujua mtoto amebaki na nini.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ndefu, na sehemu ya kwanza ni kosa langu.

Nilitaka wapime wenyewe ukali wa dawa badala ya kuamini lebo. Njia iko ndani ya kemia ya sekondari. Unachukua mililita 10 za dawa, unaongeza maji, unatia potasiamu ayodaidi kama gramu 2, kisha siki nyeupe. Klorini inafukuza aidini kutoka kwenye chumvi yake na maji yanageuka kahawia. Halafu unatonesha sodiamu thayosulfeti ya 0.1 M (mole 0.1 kwa lita) kutoka kwenye bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo na koki, mpaka rangi ipauke iwe ya majani makavu. Hapo unatia matone ya wanga, kila kitu kinakuwa bluu nzito karibu na nyeusi, na unaendelea tone kwa tone hadi rangi iondoke ghafla. Dawa ikiwa kweli ni asilimia 0.5, bureti itasoma mililita 14.1.

Wanga tulipika wenyewe: kijiko cha unga wa muhogo kwenye maji yanayochemka, kisha tukaacha utulie. Mbagala ana bureti. Kilwa na Mafia hawana, kwa hiyo wanatumia bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, na sampuli ya mililita 5, matarajio yakiwa mililita 7 na nukta kidogo. Kumbe bomba la sindano ni rafiki mkubwa wa maabara maskini, na linaondoa kabisa ule ubaya wa kunyonya pipeti kwa mdomo.

Kosa langu: katika ujumbe wa sauti wa Ijumaa nilitaja vitu vyote lakini sikusisitiza mpangilio. Kigamboni akatia siki kwenye dawa kabla ya ayodaidi. Nilimwona kwenye kioo cha simu akirudisha kichwa nyuma na kuziba pua. Asidi ikikutana na dawa ya klorini, gesi ya klorini inapanda. Nikamwambia aache chupa pale pale, afungue madirisha, atoke nje. Aliporudi baada ya robo saa alikuwa mzima, macho yanawasha kidogo. Kiasi kilikuwa kidogo na chumba kilikuwa na hewa, lakini mkono wangu ulitetemeka hadi tulipomaliza kikao.

Nimewaandikia wote upya, kwa maandishi, si kwa sauti, hatua zikiwa na namba: ayodaidi kwanza, siki baadaye, madirisha wazi, miwani usoni. Jambo la hatari lisielezwe kwa ujumbe wa sauti peke yake. Sauti inasikilizwa mara moja mtu akiwa kwenye daladala.

Kigamboni mwenyewe ndiye aliyesema, kabla hatujaagana, kwamba chooni mwa kituo kuna dawa ya kusafishia yenye asidi, na inahifadhiwa rafu moja na jiki. Nilimpigia Sista hapo hapo. Zimetenganishwa jioni ile ile.

Jumatano, 26 Februari

Sista alinipa sampuli tatu katika chupa za rangi ya kahawia, nikazipima hapa chuoni na Mbagala akiwa kando yangu; alipata ruhusa ya mchana.

Ya kwanza, iliyotengenezwa asubuhi hiyo hiyo: 14.0. Safi. Ya pili, kutoka dumu lenyewe baada ya kuichanganya sisi: nayo iko sawa. Kwa hiyo dawa ya dukani haina tatizo. Ya tatu, kutoka ndoo iliyo karibu na dirisha, yenye lebo ya 0.5: nilianza kutonesha kwa kujiamini, nikiwa tayari kupunguza mwendo nikikaribia 13. Rangi ikaondoka ikiwa 8.2. Nikadhani nimekosea, nikarudia. 8.2 tena. Hiyo ni asilimia 0.29.

Mbagala aliuliza taratibu, "Mwalimu, na gambuti za jana zimepita humu?"

Zimepita.

Ndoo ilikuwa imetengenezwa juzi asubuhi. Mfuniko ulivunjika muda mrefu na haukuletwa mwingine, na kuanzia saa 5 jua la Februari linaingia moja kwa moja pale dirishani. Klorini inakimbia kwa mwanga, kwa joto na kwa kukaa wazi. Ndiyo maana dawa hutengenezwa upya kila siku, na mapema zaidi ikichafuka. Mama alikuwa anajua kutengeneza upya kila siku. Juzi dumu liliisha, akaambiwa asubiri, akaendelea na kilichopo kwa sababu gambuti haziwezi kusubiri.

Nilimweleza Sista kwanza, faraghani, kabla kundi halijajua. Kisha tukakaa na mama, sisi watatu, nikampimia mbele yake ndoo mpya na ile ya zamani. Aliangalia rangi ikiondoka mapema kwenye ile ya zamani. Hakujitetea. Aliuliza kama kuna karatasi za kupimia ambazo angeweza kuzichovya mwenyewe bila bureti. Zipo. Sista ameandika maombi ya karatasi hizo, mifuniko mitatu na dumu la akiba.

Ninaandika haya usiku na bado nawaza lebo ile. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu nzito, na namba ni sahihi kabisa. Na madaftari ya Kilwa yalikuwa chini ya andalio sahihi kabisa.

Jumamosi, 1 Machi

Kikao cha leo kilikuwa juu ya kuosha kwanza. Kigamboni alifungua kwa kisa cha Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwataka madaktari kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini wakitoka kupasua maiti kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo vya uzazi vikashuka sana wodini mwake, na bado wakubwa wengi wa fani yake walimkatalia. Kisa kizuri cha utangulizi, nimemwambia akipeleke darasani, dakika 4 si zaidi.

Kisha Mbagala akafanya jaribio. Nusu lita ya dawa mpya, imepimwa: 14.1. Akatia vijiko viwili vya ute wa yai. Kwenye kamera tuliona maji yakigeuka meupe kama ya mchele, vinyuzi vikielea. Akasubiri dakika 10, akachuja, akapima. Bureti haikufika hata 10.

Yai limekula dawa. Ingekuwa damu au kamasi kwenye gambuti, ingekula hivyo hivyo, na vimelea vingebaki na dawa iliyochoka. Kwa hiyo sabuni na maji kwanza, dawa baadaye.

Hapo mama wa kufulia, aliyekuwa ameketi na Sista kwenye simu moja, akapinga. Alifundishwa zamani kwamba kila kitu kinalowekwa kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuguswa. "Mwanangu, leo mnaniambia nishike uchafu wa mgonjwa kabla ya dawa?"

Swali lake lina haki yote. Mafunzo yale ya kuloweka kwanza yalilenga kumlinda yeye. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 juu ya utakasaji wa vifaa tiba unakataza kuloweka vyombo kwenye klorini kabla ya kuvisafisha, na sababu zake ni pamoja na hizi: damu inaua nguvu ya dawa, dawa inakula chuma, na ndoo yenyewe inaweza kugeuka chanzo cha maambukizi. Sista alijibu vizuri kuliko mimi. Alisema, "Mama, anayekulinda wakati wa kuosha ni glavu, aproni, miwani na gambuti ulizovaa wewe. Ndoo inalinda atakayevaa kesho." Akaahidi kwamba siku glavu nene zikikosekana, hakuna kuosha mpaka ziletwe. Mama akasema atamshika kwa neno hilo, mbele ya walimu wote.

Mkuranga aliomba turudie jaribio wiki ijayo kwa kuwa mtandao ulimkatikia kwenye yai. Tutarudia.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao kifupi. Mfungo umeanza na sauti ziko chini. Mafia alipanda kilima nyuma ya shule kutafuta mtandao, tukawa tunasikia upepo kuliko yeye.

Swali lake lilikuwa zuri: barakoa za N95 nazo zinaweza kupita kwenye ndoo? Hapana. Ule utando wa katikati ni nyuzi za polipropilini zilizotiwa chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayonasa chembe ndogo mno huku hewa ikipita kwa urahisi. Spiriti inaiondoa chaji. Klorini inaiharibu barakoa na kumwachia mvaaji harufu ya kuvuta siku nzima. Mojawapo ya mbinu za kutia chaji nyuzi hizo ni kazi ya Peter Tsai, mwanasayansi mzaliwa wa Taiwan, ambaye mwaka 2020 alitoka kwenye ustaafu wake Marekani kusaidia kutafuta njia za kuzitumia tena wakati wa uhaba, joto kavu ikiwa mojawapo. Hilo ni la dharura na la wenye vifaa. Kwenye chumba chetu cha kufulia barakoa haiingii.

Spiriti pia isitumike ovyo kwenye ngao za uso, baadhi ya plastiki hupata nyufa ndogo ndogo na mtu anaona ukungu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo imetangazwa rasmi kwamba mlipuko wa Marburg umekwisha. Siku 42 zimepita bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kujificha mwilini kabla ya dalili kutokea. Wagonjwa walikuwa 10, wawili walithibitishwa na maabara, wanane walihesabiwa kwa dalili na mazingira, na wote 10 wamefariki. Mwaka 2023, huko huko Kagera, walikuwa 9 na walikufa 6.

Nilituma habari kwenye kundi bila neno lolote. Wa kwanza kujibu alikuwa Mafia: "Mungu awarehemu. Na ndoo zisilegee."

Jumamosi, 22 Machi

Somo la wahudumu. Mbagala na Kigamboni walifika wenyewe, wengine watatu kwenye video, simu ikiwa imeegemezwa kwenye beseni. Wahudumu saba, Sista, na mimi nimekaa nyuma kwa mara ya kwanza bila fomu.

Maandalizi yalituchukua wiki mbili, na kazi kubwa haikuwa kemia, ilikuwa maneno. Vijana wanafundisha kemia kwa Kiingereza darasani kila siku, na walipoanza kuandika kwa Kiswahili walitumia maneno ya kamusi. "Ukolezi" ni neno zuri na nalipenda, lakini tulipolijaribu kwa mama alinyamaza, kisha akasema, "Mnamaanisha ukali wa dawa?" Tukaandika ukali. "Vimelea" walilijua. "Kutakasa" mmoja alilihusisha na ibada, akacheka, akasema hata hivyo linafaa. "Muda wa mguso" tuliutupa. Tumeandika "muda wa kulala kwenye dawa".

Kigamboni alianza vibaya, akawa anasoma karatasi. Dakika ya tatu akaiweka chini, akachukua ngao ya uso na kumkabidhi dada mmoja: "Nionyeshe unavyoiosha." Yule dada akaanza upande wa nje. Kigamboni hakumsahihisha papo hapo. Aliwauliza wenzake ni upande upi ulio safi zaidi mtu akitoka wodini. Wakabishana kidogo, wakakubaliana: ndani, uliokuwa usoni mwake. Basi kitambaa kianzie wapi, kwenye kisafi au kwenye kichafu? Ndani kwanza, kisha nje, ili uchafu wa nje usihamie karibu na macho. Yule dada akarudia mwenyewe, ndani, nje, kamba, maji safi. Nilikuwa naandika na nikaacha kuandika, nikawa natazama tu. Wiki sita zilizopita kijana huyu alikuwa anafundisha ubao.

Mbagala alichukua sehemu ya kupima. Karatasi za kupimia zimeshapatikana, boksi moja. Kila mhudumu alichovya yake na kulinganisha rangi na kielelezo. Kwa kuwa karatasi hizo hazifiki hadi 0.5, tulipunguza dawa mara kumi kwanza, kopo moja kwa makopo tisa ya maji, na hapo hesabu ya mama ya gauni ikarudi tena. Ndoo zote tatu zina mifuniko sasa. Lebo za karatasi zimeondolewa. Imebanwa kadi ya plastiki yenye nafasi tatu: ukali, saa iliyotengenezwa, jina la aliyepima.

Jambo moja halijaisha. Maji ya moto kwa ajili ya gauni yanategemea hita inayosumbua, na siku isipowaka wanafua kwa maji ya bomba. Sista analifuatilia. Jua la uani linasaidia kukausha, lakini masika yameanza na kamba ziko wazi.

Jumapili, 30 Machi

Kilwa ametuma madaftari bila kuombwa. Kumi na mawili safari hii, darasa lile lile, swali lile lile la 3.5 hadi 0.5, ila amelitega: badala ya sehemu, ameuliza mililita ngapi za maji kwa mililita 250 za dawa. Jibu ni 1,500.

Kumi yana 1,500. Moja lina 1,750, na pembeni yake kuna kalamu nyekundu ya Kilwa imeandika "njoo tuongee", si alama ya kosa. La kumi na mbili lina jibu sahihi kwa Kiingereza safi, na chini yake mtoto ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, mwandiko mdogo: "ile moja ni dawa yenyewe."

Nimempelekea Sista picha hiyo amwonyeshe mama. Mkuranga bado hajatuma ya wiki hii, nitampigia baada ya futari.